Historia ya Njia ya Tabora Inahitaji Miaka Mitano Mfululizo

Miongoni mwa vitabu vichache vilivyoandikwa kuhusu mji wa Tabora peke yake, kimoja kikubwa kimeandikwa kwa Kiitaliano. Ni kazi ya Karin Pallaver wa Chuo Kikuu cha Bologna, kilichotoka Milano mwaka 2010, nacho kinaufuatilia mji huo tangu 1840 hadi 1916: utumwa wake, ukoloni wake na namna ulivyokua. Anayetaka kuwajua wapagazi wa misafara wa Kinyamwezi atakwenda kwenye kitabu cha Stephen Rockel wa Toronto, cha mwaka 2006. Mtemi Mirambo ana kitabu cha Kiswahili cha J. B. Kabeya, lakini wasomi wanapomtaja humrejea zaidi Mmarekani Norman Bennett, aliyeandika mwaka 1971. Hata maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambayo mwenyewe aliyasimulia kwa Kiswahili, yalipigwa chapa kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode. Waandishi hawa hawakutuibia kitu. Walifanya kazi ngumu na tunawashukuru. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini kazi ya namna hiyo haitoki kwa wingi katika vyuo vyetu wenyewe, na jibu linalotolewa haraka huwa ni fedha. Fedha zina sehemu yake. Lakini naona kasoro kubwa zaidi iko katika namna tunavyoyakata masomo: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha pengo lisilojulikana urefu, kisha shahada ya uzamili kwa wachache waliobahatika kurudi. Katika somo la historia pengo hilo ndilo linalotumalizia watafiti. Vyuo vyetu vianzishe kozi moja ya miaka mitano inayounganisha shahada ya kwanza na uzamili, na miaka miwili ya mwisho isomewe mahali historia yenyewe ilipo. Tabora ni pa kuanzia.

Tuitazame miaka mitatu tuliyonayo. Wengi wanaosoma historia chuoni wanaisoma ndani ya shahada ya ualimu, yaani masomo mawili ya kufundishia pamoja na elimu yenyewe: saikolojia, mitaala, upimaji, na wiki za mazoezi ya kufundisha shuleni. Historia inabaki na fungu lake tu katika mafungu hayo. Ndani ya fungu hilo mwanafunzi anapitishwa Afrika, Ulaya, Asia, nadharia za maendeleo na mbinu za utafiti, na akibahatika anaandika utafiti mfupi mwaka wa mwisho, mara nyingi kwa mahojiano machache aliyoyafanya likizoni. Akimaliza, anaingia mtaani kutafuta kazi. Anayerudi kwa ajili ya uzamili hurudi baada ya miaka, akiwa na vipindi, familia na mkopo wa kulipa. Ni busara kwake kuchagua mada ambayo vyanzo vyake viko karibu na kwa lugha anazozijua tayari, na hakuna wa kumlaumu. Lakini tukizijumlisha busara za watu wengi wa namna hiyo, tunapata maktaba yenye tasnifu nyingi juu ya mambo ya juzi, na karne ya 19 tumeiacha mikononi mwa wenye ruzuku za ng'ambo.

Chukua mwanafunzi aliyekulia Cheyo, katikati ya mji wa Tabora, anayetaka kuandika juu ya Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekufa Januari 1893 wakati boma lake lilipotekwa na jeshi la Wajerumani chini ya Tom von Prince. Kutoka Cheyo hadi Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, si mbali. Habari zenyewe za Isike ndizo zilizotawanyika. Maelezo ya vita yaliandikwa na maofisa waliomshinda. Mafaili ya utawala wao mengine yako Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mengine yako Berlin, na mengi yameandikwa kwa mkono kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa taabu. Mapadri wa White Fathers, walioingia nchi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1870 na baadaye kukaa Kipalapala, waliandika shajara kwa Kifaransa, nazo zimetunzwa Roma. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Wabelgiji waliouteka mji tarehe 19 Septemba 1916 walipeleka karatasi zao Brussels. Na kumbukumbu za ukoo wa watemi, za vijiji na za njia, zinasimuliwa kwa Kinyamwezi, tena Kinyamwezi cha wazee, chenye maneno ambayo mjukuu wa mjini huyasikia bila kuyaelewa. Sidai kwamba mtu mmoja azijue lugha zote hizo. Ajue mojawapo vizuri, zaidi ya Kiswahili na Kiingereza, kiasi cha kuketi mbele ya hati na kuisoma bila kumwomba mtu. Hilo linachukua miaka miwili au mitatu ya kusoma mfululizo, na hapa ndipo muundo wa sasa unapojiangusha wenyewe. Mwanafunzi akianza Kijerumani mwaka wa kwanza, anahitimu siku ambayo lugha imeanza kumfaa. Basi haanzi kabisa. Katika kozi ya miaka mitano angeianza akijua kwamba mwaka wa nne atafungua faili lenyewe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapambo ya wasomi, kwamba mwalimu wa sekondari hahitaji Kijerumani ili aeleze misafara ilivyokuwa. Hebu tuone. Tangu 2006 njia kuu ya misafara iko katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia, na inatajwa kama njia ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Kwihara ni hapo tu nje ya mji wa Tabora, mahali Stanley na Livingstone walipokaa pamoja mwaka 1872 kabla ya kuagana. Msomaji wa jina hilo la njia atadhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Rockel anapinga. Anaonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru, wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi wao, waliojadili malipo na posho, waliogoma na waliotoroka msafara pale makubaliano yalipovunjwa. Mwalimu aliyesoma hilo tu atawaambia wanafunzi kwamba utumwa umekuzwa na wamisionari. Naye atakuwa amekosea, kwa sababu Jan-Georg Deutsch, katika kitabu kilichotoka mwaka huohuo wa 2006, anaonyesha jinsi utumwa ulivyokuwa umeenea Unyamwezi, na maofisa wa Kijerumani wenyewe walikadiria kwamba watumwa walikuwa sehemu kubwa mno ya wakazi wa wilaya ya Tabora. Wajerumani hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na sheria ya kuufuta kabisa ilingoja Waingereza mwaka 1922.

Hayo mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo sehemu ngumu. Mpagazi huru aliyetoka pwani na ujira wake aliweza kununua mtumwa wa kulima shamba lake wakati yeye yuko njiani. Uhuru wa mmoja ulibebwa na utumwa wa mwingine, ndani ya kijiji kimoja, pengine ndani ya nyumba moja. Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameendeleza habari hii katika kitabu chake cha 2024, akifuatilia jumuiya za Kikristo zilizojengwa na waliokuwa watumwa katika Tanzania ya magharibi kwa karne nzima, tangu 1878 hadi 1978. Ni kazi ya aina ninayoitetea hapa: nyaraka za misheni upande mmoja, masimulizi ya watu upande wa pili, na mwandishi anayevisoma vyote viwili kwa wasiwasi uleule. Shahada yake ya uzamivu aliipata Iowa, Marekani. Namtaja kwa sababu anathibitisha kwamba uwezo upo. Na Tabora jambo hili si la vitabuni tu. Katika darasa moja wanakaa vitukuu vya walionunua na vitukuu vya walionunuliwa, na wengi wao ni vitukuu vya wote wawili. Mwalimu aliyepewa aya moja juu ya utumwa atawapa wanafunzi aya moja, na wenye akili watanyamaza wakijua kwamba nyumbani wamesikia vinginevyo.

Je, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana uwezo wa kufanya utafiti wa maana? Jibu tunalo tangu mwaka 1968. Mwaka huo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya vita vya Maji Maji kwa watu walioishi wakati wa vita hivyo au waliosikia kwa wazazi wao. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa nyuma ya kazi hiyo. Karatasi zilizokusanywa bado zinatajwa na kila anayeandika juu ya Maji Maji, pamoja na wanaozikosoa kwamba zilitafuta mno umoja wa kitaifa katika vita vilivyokuwa na sura nyingi. Ukosoaji huo wenyewe ni heshima, maana karatasi isiyo na kitu hakuna anayehangaika nayo. Ninachokiona mimi katika mradi ule ni kwamba vijana walifanya kazi nzuri kwa sababu walikuwa na swali moja, walimu waliokuwa ndani ya swali hilohilo, na wazee waliokuwa hai. Walichokosa wengi wao ni hatua iliyofuata. Waliokusanya walihitimu wakatawanyika, na uchambuzi ukabaki kwa wachache. Tabora sasa hivi ina swali la namna hiyo linalongoja. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliokubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kumfanya Zuberi Mtemvu ajitoe na kuanzisha chama chake, ulifanyika mjini humo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo alizaliwa 1938. Waliowapikia wajumbe, waliowalaza, waliobishana barazani usiku ule, hawatatungoja tumalize kutafuta ufadhili.

Kozi ndefu isiyokatwa si jambo geni kwetu. Udaktari wa binadamu husomwa miaka mitano kabla ya mwaka wa mafunzo kazini, na hakuna anayependekeza mwanafunzi atolewe mwaka wa tatu akatafute kazi kwanza. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wakongo kwa miongo mingi walisoma miaka mitatu ya kwanza na miwili ya juu kama ngazi mbili za jengo moja, na mwanafunzi wa historia wa Lubumbashi hakumaliza bila kuandika tasnifu yake. Tasnifu hizo za vijana, juu ya migodi, makambi ya wafanyakazi na tawala za kijadi za Katanga, zimekuwa hazina ambayo watafiti wakubwa huitumia. Ujerumani pia, kabla ya makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, mwanafunzi wa historia alikwenda moja kwa moja hadi shahada ya Magister bila kusimama njiani. Lakini upo mfano mwingine ambao ningependa tuukwepe. Vyuo vingi vya Marekani vinaunganisha shahada hizi mbili ili kuokoa muda: baadhi ya masomo yanahesabiwa mara mbili, huku na huku, na mwanafunzi anaondoka na vyeti viwili mapema. Kwa mwenye haraka ya ajira huenda inafaa. Kwa Tabora haitafaa, kwa sababu kinachopungua ni muda wenyewe, na kozi itakayojinadi kwa kuupunguza itatoa watu wenye vyeti vikubwa na daftari tupu. Miaka mitano iwe mitano kweli.

Kuhusu fedha, pingamizi ni zito. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inakwenda zaidi kwa shahada ya kwanza. Anayetaka uzamili kwa kawaida hujilipia, au hungoja mwajiri, na mzazi wa Tabora aliyeuza tumbaku kumfikisha mtoto mwaka wa tatu hana la kuuza tena mwaka wa nne. Kozi ya miaka mitano bila mkopo wa miaka mitano itakuwa kozi ya watoto wa wenye nacho. Kwa hiyo pendekezo hili linasimama au kuanguka na Bodi: bumu lifuate kozi mpaka mwisho wake, kama linavyomfuata mwanafunzi wa udaktari. Gharama yake haitishi ikiwa wanaoingia mwaka wa nne ni wachache, na nasema wawe wachache, kumi na watano au ishirini kwa mwaka. Wengine watoke mwaka wa tatu na shahada yao ya kwanza kamili, bila doa la kuonekana wameshindwa. Mlango huo uwe wazi tangu mwanzo na uandikwe katika kanuni, kwa sababu kumfungia kijana wa miaka 19 katika kozi asiyoweza kuitoka ila mikono mitupu ni dhuluma.

Pingamizi la ajira nalisikia kila mahali: nchi ina walimu wengi wa sanaa wasio na kazi, serikali inawapa ufadhili vijana wa sayansi, na wewe unataka wanahistoria zaidi. Hapana, nataka wachache zaidi waliosoma kwa kina zaidi. Serikali yenyewe imeliweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala, likifundishwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo imejitwisha deni la kulipatia maarifa. Somo likifundishwa bila utafiti mpya litageuka orodha ya mashujaa na tarehe, na maadili yake yatakuwa mahubiri. Mwalimu aliyekaa miaka miwili na nyaraka za Unyanyembe anaweza kuwaonyesha wanafunzi sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, kisha akawafundisha kuuliza nani alichimba, nani alipiga mhuri, nani alilipwa nayo. Hapo ndipo uadilifu wa kufikiri unapoanzia. Zaidi ya shule, makumbusho ya Kwihara yanahitaji mtu wa kuyaeleza, halmashauri zinazotaka watalii zinahitaji kitu cha kuwaambia, na kumbukumbu za umma zinahitaji watu wanaojua thamani ya faili kuukuu kabla halijatupwa. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi Tabora, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Wanafunzi wake na wa kozi hii wangesoma baadhi ya vipindi pamoja.

Lipo pingamizi ambalo silipingi. Wahadhiri wengi watakuambia kwamba wanafunzi wao bora wa uzamili ni wale waliofundisha kwanza miaka kadhaa: wana maswali, wana uvumilivu, wanajua kuongea na wazee. Ni kweli, na njia yao isifungwe. Uzamili wa kujitegemea uendelee kama ulivyo. Ila tusijenge sera nzima juu ya wale waliorudi, tukasahau kwamba wapo wengi zaidi waliokuwa na maswali yaleyale na hawakurudi. Kuhusu wahadhiri wa kusimamia, nao ni wachache, na haitakuwa haki kuutwika mzigo huu Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kwa kuwa tu kiko mjini Tabora. Kozi imilikiwe na idara yenye mizizi, na ile ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Terence Ranger na kukuzwa na akina Isaria Kimambo na Arnold Temu, ndiyo yenye mizizi hiyo. Chuo cha Tabora kiwe mwenyeji: kitoe chumba, maktaba, na msimamizi wa pili anayejua nani wa kuzungumza naye Itetemia na nani Urambo.

Limebaki suala la lugha ya tasnifu, ambalo najua litazua ubishi kuliko yote. Mwanafunzi atakayekusanya masimulizi kwa Kinyamwezi na Kiswahili, akayaandika kwa Kiingereza, akayaweka kwenye rafu Dar es Salaam, atakuwa ameongeza kitabu kingine ambacho mtu wa Cheyo hakisomi, tofauti yake na kile cha Milano ikiwa ndogo. Tasnifu ziandikwe kwa Kiswahili, ziwe na muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya watahini wa nje, na nakala ya kila moja iwekwe katika maktaba ya mkoa mjini Tabora. Watasema wageni hawatazisoma. Brode alijifunza Kiswahili hata akaweza kuyachapisha masimulizi ya Tippu Tip, na W. H. Whiteley alikijua vya kutosha kuifasiri kazi hiyo kwa Kiingereza zaidi ya nusu karne baadaye. Chuo chochote kitakachopeleka andiko la kozi hii Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kiliweke sharti hilo mapema, kabla ya kuchagua wanafunzi kumi na watano wa kwanza, maana likiachwa lije baadaye litaandikwa kama hiari, na hiari katika vyuo vyetu huwa ni Kiingereza.